Mwanga wa Bati Jipya

Vijana wangu wa maabara, mnaponitembelea hapa Masama mnapenda niwasimulie jinsi tulivyofyonza dawa kwa mdomo, enzi ambazo hakukuwa na pipeti za kubonyeza, na jinsi nilivyowahi kumeza maji ya sabuni nikatoa mapovu mbele ya mkaguzi. Mnacheka, mnakunywa chai, mnapanda pikipiki zenu mnashuka mjini. Hadithi hiyo nimeirudia mara nyingi kwa sababu inanifanya nionekane mcheshi. Hii ya leo hainifanyi nionekane chochote kizuri, ndiyo maana nimeona niiandike badala ya kuisema.

Nianze na ukweli wenyewe. Mimi Elinami, niliyekuwa fundi sanifu wa maabara katika chuo kimoja pale Moshi kwa miaka thelathini na moja, ni mtu wa wivu. Si wivu wa mapenzi. Ungekuwa huo, mke wangu Mama Anaeli angefurahi japo kidogo. Wivu wangu ni wa kazi. Nikiona mwenzangu ameosha chupa ikang'aa kuliko yangu, chakula hakishuki. Hata sasa nimestaafu, nina ng'ombe wawili na migomba yangu, lakini nikisikia mmeletewa mizani mpya roho inaniuma kwamba itashikwa na mikono mingine.

Kazi nilifundishwa na Mzee Yese, ambaye ni marehemu sasa. Miezi mitatu ya kwanza hakunipa kitu zaidi ya kuosha vyombo. Siku aliponiruhusu kushika kimeng'enya kwa mara ya kwanza aliniambia, "Elinami, humu ndani kuna vitu vina kazi kama wewe, ila havina miguu. Ukivitendea vibaya havikimbii. Vinakufa kimya, na wewe utaendelea kupima maiti wiki nzima."

Mambo yake matatu nawaachia bure, kwa sababu hayapo kwenye vitabu vyenu. Kichupa kishike shingoni, si tumboni, maana kiganja kina joto na kimeng'enya kinataka ubaridi. Usikitikise, kigeuze taratibu kama unayemlaza mtoto, kwa kuwa povu ndilo kaburi lake. Na umeme ukikatika usifungue friji kwenda kuangalia kama ndani bado kuna baridi. Baridi ilikuwepo mpaka ulipofungua.

Sasa nije kwa Dokta Aikande. Aliporudi kutoka masomoni Ulaya alitukuta tukipima sukari na protini, kazi za kawaida, yeye akaja na jambo ambalo hatukuwa tumelisikia. Alitaka kuviongoza vimeng'enya kwa mwanga. Nitawaeleza kama alivyonieleza mimi, kwa sababu alinieleza vizuri. Mwilini, vimeng'enya havifanyi kazi kimoja kimoja. Kimoja kinakata wanga kuwa sukari, cha pili kinaichukua sukari ile kinaigeuza, cha tatu kinapokea kilichobaki, na mara nyingine kinachotoka mwishoni kinarudi kukipunguza kasi kile cha kwanza. Ni mtandao, na una mapigo yake, unapanda na kushuka. Dokta alitaka kuujenga mtandao kama huo nje ya mwili, ndani ya kijumba cha kioo chenye ukubwa wa kiberiti, vimeng'enya vikiwa vimefungwa kwenye vigololi vya jeli, halafu auamuru kwa taa.

"Kwa nini taa, Dokta?" nilimuuliza.

"Kwa sababu dawa ukishaimwaga huwezi kuirudisha, Mzee Elinami. Taa unaiwasha, unaizima, unaipeleka pale unapotaka."

Siri yote ilikuwa kwenye unga mmoja mweupe. Ndani ya unga ule kuna kizuizi, kitu kinachokibana kimeng'enya kisifanye kazi, ila kimetiwa kufuli, na kufuli lenyewe linavunjwa na mwanga wa zambarau. Ukiwasha taa, kufuli linavunjika, kizuizi kinatoka, kimeng'enya kinabanwa, na rangi tunayoipima inafifia. Ukizima taa, pampu inaleta maji mapya na kusukuma nje yale yaliyotumika, kimeng'enya kinapumua, rangi inapanda tena. Kwenye kompyuta unaona mstari unashuka na kupanda kama njia ya kwenda kanisani kwetu.

Tatizo lilikuwa vimeng'enya vya kuagiza. Vilifika barafu imeshayeyuka, vimekufa. Hapo ndipo mimi nilipong'aa. Mama yangu alikuwa mpikaji wa mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbege haiwi mbege bila kimea. Ulezi unaloweshwa, unafungwa kwenye gunia na majani ya mgomba, unawekwa gizani karibu na jiko mpaka uote, kisha unakaushwa na kusagwa. Vile vichipukizi vimejaa kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Nilichukua ulezi wa nyumbani, nikauotesha, nikaukamua na kuusafisha pale maabara kwa siku nne, na kimeng'enya changu kikafanya kazi kuliko kile kilicholetwa kwa ndege. Dokta akasema mbele ya watu wote kwamba mimi ndiye nguzo ya mradi ule. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi langu sikulitia maji, lakini kichwa kilivimba.

Nilitegemea kwamba mwenye kimea ndiye atakayepewa taa. Akapewa Rukia.

Rukia alikuwa fundi mpya, binti wa Majengo, baba yake ana cherehani kwenye baraza jirani na msikiti. Alikuwa na vidole vya mtu aliyekua akitunga uzi kwenye sindano. Kile kijumba cha kioo kilikuwa kinavuja, nimehangaika nacho mwezi mzima. Yeye wiki ya kwanza tu alikata kipande cha koti la mvua, akakipachika kwenye kiungo, kuvuja kukaisha. Nikampongeza. Nilipofika nyumbani sikuweza kula.

"Unaumwa na nini?" Mama Anaeli akaniuliza.

"Hamna."

"Huyo Hamna ni fundi mpya?"

Mke uliyeishi naye miaka mingi ni hatari.

Basi ikatokea nafasi moja ya mafunzo Ulaya, miezi sita, kwa fundi mmoja wa mradi. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu. Kutoka shambani kwetu, hewa ikiwa safi, ndege zinaonekana zikishuka uwanjani kule chini bondeni. Nimezitazama tangu nikiwa mtoto na sijawahi kupanda hata moja. Dokta alituita wote wawili akasema wazi. Mtandao ukiitii taa siku tano mfululizo, asubuhi na mchana, atakwenda Rukia, kwa kuwa ndiye anayeishika mashine. Ikishindikana, nitakwenda mimi, nikajifunze zaidi kutayarisha vimeng'enya. Nikasema, "Sawa kabisa, Dokta." Moyoni nikamwombea yule binti ashindwe. Nalisema hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa.

Mnaijua Moshi ya mwezi wa saba. Mawingu yanakaa juu ya mji kama blanketi, mlima hauonekani wiki nzima, watu wanavaa masweta ofisini. Miezi ile mashine ya Rukia ilikwenda vizuri, ikikwamishwa na umeme tu. Ulipoingia mwezi wa tisa mawingu yakafunguka, asubuhi zikawa nyeupe, na hapo kazi yake ikaanza kuharibika. Mchana mstari unapanda na kushuka vizuri. Asubuhi umelala chini, uwashe taa, uzime taa, hauna habari. Akabadilisha mipira ya pampu, akaosha kila kitu upya. Mchana sawa, asubuhi hovyo.

Siku moja asubuhi nilimpelekea kimeng'enya kwenye chumba cha mizani. Alikuwa anapima ule unga mweupe. Pazia alikuwa amelifunga kama inavyotakiwa, taa ya chumbani nyekundu, chupa zimefungwa karatasi nyeusi. Lakini juu ya pazia kulikuwa na kioo kimoja kirefu ambacho hakuna aliyewahi kukiziba, kwa sababu miaka yote kilitazama paa la zamani lenye kutu. Majirani walikuwa wameezeka upya. Jua la asubuhi lilipiga kwenye bati jipya, likaruka, likapita kwenye kioo kile, likatua mezani. Nikauona mkono wa Rukia unang'aa, na chini ya mkono ule unga umetandazwa kwenye karatasi.

Nilijua palepale. Nilijua kwa sababu ya kahawa. Mama alikuwa na vichanja viwili vya kukaushia kahawa, na kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuifunika jua likiwa kali. Siku niliyokwenda kwenye mpira nikasahau, maganda yalipasuka, na mimi ngozi ikanusurika kidogo tu kupasuka kwa viboko. "Jua si moja, Elinami," mama alisema. "Kuna la kukausha na kuna la kuharibu. Wewe kazi yako ni kusimama katikati." Tangu hapo siwezi kupita penye mwanga bila kuangalia unaangukia wapi. Mwanga ule wa bati ulikuwa unavunja makufuli ya unga kabla haujafika kwenye mashine. Rukia alikuwa anaingiza kizuizi kilichokwisha kufunguka, na kimeng'enya kinabanwa tangu mwanzo. Mchana jua limehamia upande wa pili, kwa hiyo hakuna shida.

Nilifungua mdomo niseme. Rukia akainua macho, akatabasamu.

"Shikamoo mzee. Leo itakubali, inshallah."

"Marahaba mwanangu," nikasema. "Itakubali tu."

Nikatoka, nikafunga mlango taratibu, nisije nikaupepea unga wake.

Siku saba nyingine nilikwenda kazini nikijua. Nilikuwa mwema sana siku hizo. Nilimbebea barafu, nikamletea ndizi za nyumbani, nikamwambia asikate tamaa. Huko ndiko kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nilimpaka mpaka chupa ikaisha mafuta. Yeye alikuwa anakonda. Siku ya tano nilimkuta ameinamia kompyuta, anautazama mstari ule uliolala, anasema peke yake, "Kosa liko wapi jamani, liko wapi." Kioo kilikuwa hatua tano kutoka pale aliposimama. Jioni, nikiwa nakata majani ya ng'ombe, nikaziona ndege zikishuka, nikahesabu siku zilizobaki kabla Dokta hajaamua.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Siku ya saba Dokta Aikande alichukua mchanganyiko wa asubuhi akaupima mwenyewe. Akakuta kwamba hata kabla taa haijawashwa, kimeng'enya kimelala. Sasa ungekuwa wewe ungelaumu nini? Asubuhi kimetoka friji, kimelala usiku kucha. Mchana kimekaa kwenye barafu pale mezani. Akaona tatizo ni kimeng'enya, kwamba kikitoka friji kinachelewa kuamka. Kimea changu. Ulezi wa mama yangu.

Kesho yake asubuhi, ndiyo siku ya nane, alinifuata kwenye sinki. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionichoma.

"Mzee Elinami, si kosa lako. Vitu vya kienyeji vina mwisho wake. Chupa zote za kimea zimwage, nitaagiza tena kutoka nje. Safari ya mafunzo tutaiangalia upya, labda isiende kwa fundi yeyote mwaka huu."

Kimea kilikuwa hakina kosa lolote, na mtu pekee aliyejua hivyo alikuwa ni mimi. Nikitaka kukitetea, lazima niseme nimejuaje na tangu lini. Nikazipanga chupa zangu sita kwenye sinki. Nikaifungua ya kwanza, nikaimimina, ikafanya povu jingi jeupe likazunguka kwenye tundu la maji. Nikamkumbuka Mzee Yese.

Rukia akaja akasimama pembeni yangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mzee, usimwage ya pili kwanza," akasema. "Nimemwambia Dokta mara mbili kwamba hiyo dawa yako ni nzima, kosa ni langu, ila silioni. Hakubali. Nisamehe mzee. Nimekuharibia kazi yako."

Alikuwa ananiomba msamaha. Nimesikia mahubiri mengi maishani, hakuna yaliyoniingia kama maneno hayo. Nilitamani anitukane.

Nikaiacha chupa ya pili. Nikachukua kiti, nikaingia chumba cha mizani, nikapanda juu ya kiti na magoti yangu haya, nikavua koti langu jeupe nikaling'ang'aniza kwenye kile kioo cha juu. Halikutosha, likawa linapitisha mwanga. Rukia akanitazama, akautazama mkono wangu uliokuwa unang'aa pale juu, akatoka mbio. Akarudi na mfuko mweusi wa taka akanikabidhi. Chumba kikawa chekundu tupu.

"Sasa pima," nikamwambia. "Na ukipima, dirisha lipe mgongo."

Akapima. Tukaingiza kimea changu kutoka kwenye zile chupa tano zilizopona. Mstari ukapanda. Akawasha taa ya zambarau, ukashuka. Akazima, ukasubiri kidogo kama mtu anayefikiri, ukapanda tena. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Nimeona mambo mengi maabara, lakini kuona kitu kutoka kwenye gunia la ulezi kinatii taa kama mwanafunzi anayetii kengele, hilo nilifurahia hata katika hali ile.

Rukia hakufurahi sana. Alikuwa ananiangalia.

"Mzee, umekigundua leo hicho kioo?"

Neno "ndiyo" ni fupi. Lilikuwa mdomoni tayari. Angeliamini, na Dokta angeliamini, na jioni ile ningekuwa shujaa.

"Leo ni siku ya nane," nikasema.

Akageukia kompyuta mpaka mstari ukapanda na kushuka mara mbili. Kisha akasema, "Twende kwa Dokta, ukaokoe chupa zako."

"Nitakwenda peke yangu."

Nilimweleza Dokta Aikande yote, na bahasha ya tamaa yangu nikaifungua mezani kwake. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Mzee Elinami," akasema, "ningekupeleka. Ungeniambia siku ya kwanza, ningetafuta namna muende wote wawili." Sijui kama kweli angeweza. Najua tu kwamba sentensi ile nimelala nayo mpaka leo.

Baba yake Rukia alishona pazia la kitambaa cheusi mara mbili, lenye mshono usiopitisha hata uzi wa mwanga. Mtandao ukatii siku tano, zikawa saba. Rukia akaenda. Siku aliyosafiri nilikuwa shambani kwenye kahawa, nikaona ndege inapanda kutoka bondeni. Huenda haikuwa yake. Niliitazama mpaka ikaingia mawinguni, na nilimwonea kijicho kwa moyo wangu wote.

"Unalia?" Mama Anaeli akaniuliza.

"Moshi wa jikoni."

"Jiko nimelizima tangu saa nne."

Rukia aliporudi tulifanya kazi pamoja mpaka nikastaafu. Lile jambo hakulitaja tena, si kwangu wala kwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa nikisubiri kila siku alitaje.

Mwezi uliopita mlinialika kuja kuona maabara mpya. Niliona taa zenu ambazo kompyuta inazichora, mnaangaza kigololi hiki na kukiruka kile, mitandao mitatu kwa wakati mmoja, na hakuna anayegusa kitu. Msinione nilinyamaza mkadhani nimechoka. Ulikuwa ni wivu. Mikono yangu ilikuwa mfukoni kwa sababu ilitaka kushika. Kisha mkaniingiza chumba kile kile cha mizani, Rukia akiwepo. Pazia la yule mzee wa Majengo bado lipo. Na ukutani kuna karatasi yenye kanuni zenu. Ya pili inasema dirisha lipe mgongo. Ya tatu inasema kichupa kishike shingoni. Ya kwanza inasema: Ukijua, sema siku hiyo hiyo.

Binti mmoja kati yenu, yule mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akauliza, "Dada Rukia, hii ya kwanza inahusiana nini na mizani? Ilitoka wapi?"

Rukia alikuwa anapanga chupa. Hakugeuka kunitazama. "Kwa mzee mmoja aliyenifundisha kazi," akasema.

Mkatikisa vichwa kwa heshima, mkaendelea. Nami nikasimama pale nikimwonea wivu mzee huyo asiye na jina, anavyoheshimiwa na vijana wasiomjua. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikalitazama pazia, nikasifia mshono.

Binti yangu, uliuliza swali zuri na hukupewa jibu lote. Kanuni inasema siku hiyo hiyo, nami nimechelewa mwezi mzima, kama nilivyochelewa siku nane zile. Mzee huyo ni mimi, na kanuni hiyo sikumfundisha Rukia kwa kuifuata.